Vidonda Vyangu na Midomo Yao

Kidonda cha kwanza kilinitokea Jumanne, nikiwa nawasomea gredi ya sita imla. Nilikuwa nimefika kwenye maneno yenye "th" na "dh", sauti ambazo watoto wa Garsen huziponda bila huruma: thamani huwa samani, dhambi huwa zambi. Kwa miaka kumi na tisa kazi yangu imekuwa kuwaonyesha ulimi unakaa wapi. Basi nikautoa ulimi katikati ya meno niseme "thamani", nikahisi kama nimechomwa na sindano iliyotoka motoni. Watoto hamsini wakanitazama, kalamu zikiwa juu.

"Madam, rudia," akasema msichana wa dawati la mbele.

Nikarudia. Likatoka "samani". Wakaliandika hivyo hivyo, na nilipokusanya madaftari nikawapa alama ya vyema, kwa kuwa kosa lilikuwa langu.

Nilikuwa katika wiki ya nne ya kumeza dawa ya sonona. Mwaka uliotangulia mto ulikuwa umefurika, ukachukua mpunga wetu na kuingia nyumbani hadi kimo cha dirisha, tukakaa kambini miezi kadhaa, chini ya maturubai, kwenye kipande cha ardhi kilichobaki kikavu. Nisieleweke vibaya. Kambini nilikuwa sawa. Nilipanga foleni ya maji, niligombana na wagawa unga, nilifundisha watoto wakiwa wamekaa juu ya madumu. Ni baada ya maji kuondoka ndipo niliposhindwa. Wenzangu walirudi wakalima na kupanda. Mimi nilirudi nikalala. Nililala macho wazi, mchana kutwa, nikitazama mstari wa tope ukutani.

Watu walikuja kunipa pole, na kila mmoja alitaka sababu. "Mbona sasa, na maji yamekwisha?" Jirani mmoja aliniambia, "Mimi nimepoteza mbuzi kumi na mmoja, na unaniona niko sawa." Alisema hivyo akiwa amekaa kwenye kiti changu, akinywa chai yangu, na uso wa mtu aliyeshinda mashindano. Nilimdharau mtu yule hadi kwenye kucha, lakini sikuwa na nguvu hata ya kumwambia aondoke.

Mama yangu, mkulima wa Ngao asiyejua kuandika jina lake, ndiye peke yake ambaye hakutaka sababu.

"Mwanangu, unakula?"

"Sili."

"Unaoga?"

Akanivalisha viatu kama mtoto, tukaenda hospitali.

Daktari alikuwa kijana mwembamba, mwenye sauti ya chini, aliyeandika majibu yangu kama nilivyoyatamka bila kuyapamba. Aliutaja ugonjwa kwa Kizungu. Nikamwambia Kiswahili chake ni sonona. Aliniuliza linavyoandikwa, akaliandika pembeni mwa faili. Hilo tu lilinifanya nimwamini. Alinipa dawa ya kumeza mara moja kwa siku, akasema nisitarajie mabadiliko kabla ya wiki kadhaa, na kwamba mdomo utakauka. Alisema na mengine pia, ila siku hiyo masikio yangu yalikuwa yakipokea neno moja katika matano.

Dawa ilifanya kazi. Nataka hilo lijulikane mapema, maana nitakayoyasema yanaweza kuonekana kama malalamiko dhidi yake. Wiki ya tatu niliamka nikasikia njaa. Nikafua nguo zilizokuwa zimelundikana tangu sijui lini. Nikarudi darasani, nikamkaripia mtu, nikafurahi kwamba bado naweza kukaripia. Kisha vikaja vidonda.

Mdomo ulikuwa umekauka kweli, ulimi ukigusa kaakaa unanata. Kile cha Jumanne kilifuatwa na viwili ubavuni mwa ulimi, halafu kimoja kikubwa ndani ya shavu, cheupe katikati na chekundu pembeni, mahali hasa ambapo jino langu lililovunjika husugua. Kufikia Jumapili sikuweza kula chochote chenye ndimu, pilipili, chumvi au moto, yaani sikuweza kula chakula cha watu wa huku. Embe lililoiva liliniliza. Chai niliingoja hadi ikafanya utando juu. Nilizungumza midomo ikiwa nusu imefungwa, kama mtu anayeficha peremende kanisani.

Kosa langu lilikuwa kwenda kemisti badala ya kurudi hospitali. Duka lenyewe liko Garsen, kando ya barabara, na anayeuza humo huvaa koti jeupe ambalo amelivaa muda mrefu hadi mwenyewe ameamini. Tulikuwa wateja watano. Alinimulika mdomoni kwa tochi ya simu akiwa upande wa pili wa kaunta, mkono ameunyoosha, kama anayetafuta ufunguo uliotumbukia chooni.

"Kuna dawa yoyote unatumia, madam?"

Nikampa pakiti. Angeweza kuisoma kimya. Aliisoma kwa sauti, silabi baada ya silabi, akikosea, kisha akasema, "Hii si ya watu wa akili?"

Mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akarudi nyuma hatua moja.

"Ni ya sonona," nikasema.

"Ya nini?"

"Sonona. Huzuni isiyoondoka."

"Aa, mawazo!" Akacheka, tena kwa upole, na upole wake ndio ulionikera. "Mawazo hayatoi vidonda mdomoni, madam." Akainama juu ya kaunta, akapunguza sauti kiasi cha kuwafanya wateja wote wanyooshe shingo. "Vidonda hivi, na jinsi ulivyokonda... Ungepima."

Akanipa ile dawa ya zambarau ya kupaka. Nilitoka pale nikiwa na midomo ya zambarau na magonjwa mawili mapya: nilikuwa kichaa, na nilikuwa na virusi vya ukimwi.

Sina neno baya juu ya wanaoishi na virusi. Nawajua, nawafundishia watoto wao. Wanakunywa dawa zao, wanalima mashamba yao, na wengi wana nidhamu kuliko wanaowasema. Ninaowazungumzia hapa ni hao wasemaji. Hesabu yao ilikuwa rahisi. Amekonda. Anameza dawa kila siku. Alionekana Alhamisi kwenye benchi la hospitali, lile linalotazamana na mlango wa kliniki ya wenye virusi. Na sasa mdomo. Walijumlisha wakapata jibu, wakalipigia vyema wenyewe, wakalisambaza. Katika chumba cha walimu mazungumzo yalikatika nilipoingia, kisha yakaanza upya juu ya mvua. Hawa ni watu wenye vyeti. Baadhi yao hufundisha sayansi.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na harusi Tarasaa. Mimi ndiye hupakua wali katika shughuli zetu za kanisa, kazi niliyoizoea, na siku ile niliitaka hasa, kwa sababu mtu anayepakua hapati nafasi ya kuzungumza. Nilikuwa nimefika sahani ya kumi na kitu mwenyekiti wa akina mama alipokuja akasimama ubavuni mwangu. Ni mwanamke wa sauti tamu, ambaye hajawahi kumtukana mtu maishani mwake. Hana haja.

"Dada yangu, pole na kazi. Nenda ukapumzike pale kivulini."

"Sijachoka."

"Najua hujachoka. Pumzika tu."

Mkono wake ulikuwa tayari kwenye upawa. Nikauachia. Hakuanza kupakua. Aliupeleka kwenye karai, akauosha kwa sabuni mbele ya foleni nzima, mpini kwanza, akaukung'uta, ndipo akarudi kwenye sufuria. Mdomo wangu haukuwa umeukaribia upawa ule hata kidogo. Hakuna aliyekataa wali niliokuwa nimeshampakulia. Nadhani njaa ilishinda imani.

Nilikaa kivulini pamoja na wajawazito na wazee. Wakati wa maombi mwenyekiti aliniombea bila kunitaja, "dada yetu anayepitia mambo". Mambo! Miaka yote hii nawakataza watoto kuandika "mambo" kwenye insha, nawaambia ni neno la mtu mvivu au mtu mwoga. Hakika angalau mmoja wa wale waliosema "amina" nilikuwa nimemfundisha mwenyewe.

Mume wangu anafanya kazi Hola, katika ofisi moja ya huko, na huja nyumbani Ijumaa. Watoto wetu wawili wako shule za bweni, kwa hiyo katikati ya wiki nyumba ni yangu. Ijumaa iliyofuata harusi alifika mapema kuliko kawaida, akanisalimu akiwa mlangoni, akauliza habari za shule. Nilipoweka chai mezani akafungua mkoba wake, akatoa kikombe kipya cha bati, sahani na kijiko. Alivipanga kwenye rafu ya juu, isipokuwa kikombe, alichokisogeza mbele yangu nikimiminie.

"Hivi ni vya nini?"

"Ni vyangu."

"Vya zamani vina nini?"

"Mama watoto, tafadhali usianze."

"Sijaanza. Nimeuliza."

Akatazama dirishani. "Watu wanasema."

"Watu gani?"

"Watu. Mpaka Hola wanasema."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi sisemi kitu. Mimi najihadhari tu."

Huyu ni mtu aliyesoma. Ameniona mimi nikijifungua mara mbili. Anajua, kama mtoto wa gredi ya nne anavyojua, kwamba virusi haviambukizwi kwa kikombe. Alijua, na bado alisimama katika duka fulani Hola akichagua rangi ya kikombe. Hilo la rangi ndilo lililonichoma. Kilikuwa cha kijani, chenye maua.

"Sawa," nikasema. "Jumatatu usiende kazini. Twende tukapime, wewe na mimi, siku moja, chumba kimoja."

"Mimi sina shida."

"Umepima?"

"Najijua."

"Mimi natoka shule, naja nyumbani. Nyumbani, shule. Wewe ndiye unayekaa Hola siku tano kwa wiki. Kama ninavyo, nimevitoa wapi?"

Akainuka, akatoka nje kuiangalia pikipiki ambayo haikuwa na tatizo lolote. Aliiangalia hadi chai ikapoa ndani ya kikombe chake kipya.

Ningependa kusema kwamba niliwadharau hawa wote na kuendelea na maisha yangu. Lakini aliyefuata kustahili dharau ni mimi. Jumatatu asubuhi nilichukua dawa zote zilizobaki nikazitupa chooni. Nilijiambia ndizo zilizoniletea vidonda, na vidonda ndivyo vilivyoniletea maneno, basi nikiziacha yote yataondoka. Sikumuuliza daktari. Sikumuuliza mtu yeyote. Mimi ninayewaambia watoto wasijibu swali kabla ya kulisoma nilijibu bila kusoma, sawasawa na wale wateja wa kemisti.

Vidonda havikuondoka. Kilichoondoka ni ardhi. Siku ya tatu nikigeuza shingo dunia ilichelewa kidogo kunifuata. Nilitapika asubuhi. Kulikuwa na mishtuko midogo midogo ndani ya kichwa, kama ile ya kugusa waya ulio wazi. Kufikia mwisho wa wiki ule uzito wa zamani ulikuwa umerudi na kukaa mahali pake, na nilikuwa nimesahau jinsi unavyojua njia. Jumatatu iliyofuata niliandika ubaoni "Ngeli ya U-I", nikachora mstari chini yake, nikashindwa kugeuka. Nilisimama nikiutazama mstari. Mwishowe kiongozi wa darasa akatoka akamwita mwalimu mkuu, ambaye alinishika kiwiko kwa vidole viwili, kama mtu anayebeba nguo iliyolowa ya mwenzake, akanitafutia bodaboda.

Mama alifika Alhamisi asubuhi na maziwa lala ndani ya kibuyu. Yalikuwa baridi, hayana chumvi, hayana moto. Nilikunywa bila kulia. Alinitazama hadi nikamaliza.

"Umeacha dawa."

"Ndiyo."

"Nani alikuambia uache?"

"Hakuna."

"Basi umemsikiliza Hakuna," akasema. "Vaa viatu."

Daktari alivaa glavu, akanikalisha karibu na dirisha, akaingiza kijiti cha mbao mdomoni na kutazama kwa muda mrefu. Alikuwa mtu wa kwanza kuukaribia mdomo ule tangu vidonda vianze. Akauliza kama nilikuwa na homa. Kama macho yaliwasha au kuwa mekundu. Kama ngozi ilikuwa imetoa vipele au malengelenge. Kila nilichosema hapana, alikiandika.

"Vizuri," akasema. "Ungekuwa na hivyo, leo ungelala hapa hospitalini."

"Ni dawa?"

"Inawezekana. Dawa hii hukausha mate, na mate ndiyo ulinzi wa mdomo. Yakipungua, hata kikwaruzo kidogo kinakuwa kidonda. Wewe una jino lililovunjika linalokukwaruza kila ukizungumza, na kazi yako ni kuzungumza. Kuna watu wengine dawa yenyewe huwatoa vidonda hata bila jino. Si wengi, lakini wapo. Pia nataka kupima damu, pengine imepungua. Siwezi kukuapia ni kipi. Mara nyingi ni viwili pamoja."

Nilikaa nikimsikiliza mtu akisema "siwezi kukuapia". Kwa wiki kadhaa nilikuwa nimezungukwa na watu wenye uhakika: mwenye koti, mwenyekiti, mume, walimu wa sayansi. Huyu peke yake alikuwa amesomea jambo lenyewe, na huyu peke yake alikuwa na shaka.

"Kwa nini hukurudi mapema?" akauliza.

Nikamwambia yote, kemisti na upawa na kikombe cha maua. Mama alikuwa amekaa kando, na nilipofika kwenye kikombe alitoa sauti ndogo puani, ambayo kwake ni tusi zito. Daktari aliweka kalamu chini.

"Dawa hizi haziachwi ghafla, mwalimu. Ukiona tatizo, unakuja, tunapunguza au tunabadilisha. Kilichokupata wiki hii ni kwa sababu ya kuacha mara moja."

"Najua sasa."

"Nilikuambia siku ya kwanza."

"Siku ya kwanza sikuwepo," nikasema, na akaelewa.

Kisha nikamwambia anipime na virusi. Akaniuliza kama nataka kwa ajili yangu au kwa ajili yao.

"Kwa ajili ya karatasi."

"Karatasi haitawanyamazisha."

"Najua. Nipime hivyo hivyo."

Sikuwa navyo. Damu ilikuwa imepungua kidogo, akanipa vidonge vya kuiongeza. Alinibadilishia dawa ya sonona, akaanza na kiasi kidogo. Akanikataza ile rangi ya zambarau, akaniambia nisukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nitembee na chupa ya maji, ninywe funda moja moja hata darasani. Siku hiyo hiyo alinipeleka kwa fundi wa meno wa hospitali, mama mmoja mnene asiyependa hadithi, aliyelisugua lile jino kwa dakika chache hadi likawa laini. Nikakumbuka nilikuwa nimeishi na jino lile tangu kambini.

Chumvi iliniunguza siku tatu za kwanza. Siku ya nne ikapungua. Baada ya wiki mbili hivi nilikuwa Ngao kwa mama, amepika kambare na wali, nikakamulia ndimu bila kufikiri, nikala vipande viwili ndipo nikagundua nilichofanya. Nikaupitisha ulimi ndani ya shavu. Palikuwa laini. Mama alikuwa akitoa miiba kwenye kipande chake.

"Kimepona?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Kimepona."

"Basi kula, mwanangu."

Uzito ulichukua muda zaidi. Dawa mpya ilihitaji wiki zake, nami nilizihesabu kwa uchoyo. Lakini nilizimeza zote.

Mume wangu nilimwonyesha karatasi Ijumaa ya kwanza. Aliisoma mara mbili, akashusha pumzi, akasema, "Mungu ni mwema." Kisha akanyoosha mkono kwenye vikombe vya zamani, kama mtu anayerudi nyumbani kutoka safari.

"Hapana," nikasema. "Kile chako kiko rafu ya juu."

"Si umeshapima?"

"Mimi nimepima. Karatasi yako iko wapi?"

Akacheka. Sikucheka. Alikunywa chai katika kikombe cha maua jioni hiyo, na asubuhi yake, na kila Ijumaa baada ya hapo. Karatasi hajaileta hadi leo. Mwanzoni nilidhani anaogopa majibu. Siku hizi nadhani anaogopa tu kukaa kwenye lile benchi akionekana, na sijui lipi kati ya hayo mawili ni la kudharauliwa zaidi. Tunaishi. Watoto wakija likizo tunakula pamoja. Chumba chake siku hizi kiko upande wa mashariki, changu upande wa magharibi.

Kanisani waliona midomo yangu imerudi rangi yake, na badala ya kuona haya, walijisifu. Mwenyekiti wa akina mama alisimama Jumapili moja akatangaza kwamba kamati ya maombi ilikuwa imefunga kwa ajili ya dada fulani, na kwamba Mungu amejibu, na kwamba dada yupo hapa leo, na je, angependa kuja mbele atoe ushuhuda? Walianza kupiga makofi kabla sijainuka. Mume wangu alikuwa kando yangu. Alinigusa goti, akimaanisha nenda, waambie asante, rudi ukae.

Nilikwenda. Sikuwa nimepanga chochote. Nilishika maikrofoni na kuongea kama ninavyosoma imla, taratibu, kila neno na mapumziko yake.

"Nilikuwa mgonjwa wa sonona. Sonona ni huzuni inayokuondolea nguvu za kuishi. Bado ninayo. Nilipewa dawa hospitali, ikanisaidia, ila pengine ndiyo iliyonitoa vidonda mdomoni, ikisaidiwa na jino bovu. Badala ya kurudi kwa daktari niliwasikiliza nyinyi, nikaacha dawa, nikazidiwa. Daktari akabadilisha dawa, akasawazisha jino, vidonda vikapona. Dawa bado nameza, kila siku, na nitaendelea hadi daktari aseme. Mlisema nina virusi. Sina. Ningekuwa navyo, nisingeambukiza mtu kwa upawa. Asanteni kwa maombi."

Mchungaji alisema "amina" kwa sababu hakuwa na neno lingine. Mwenyekiti alikuwa bado anatabasamu, amesahau kuliondoa lile tabasamu usoni. Kwaya ilianza kuimba haraka, kwa sauti ya juu mno, ikabidi waanze upya.

Njiani mume wangu alisema, "Umetuaibisha."

"Wewe na nani?"

Aliondoka kwenda Hola alasiri hiyo badala ya Jumatatu alfajiri.

Msidhani kanisa zima lilibadilika. Katika yale magonjwa mawili waliyonipa, waliniondolea moja na kuniachia lingine: sasa mimi ni kichaa tu, kichaa anayeshika maikrofoni. Upawa sijarudishiwa, wala sijauomba. Wananisalimia kwa heshima iliyojaa tahadhari, kama mtu anavyompita mbwa asiyemjua. Mwenyekiti huniita "mwalimu wetu" na huulizia afya yangu mbele ya watu.

Lakini ndani ya miezi iliyofuata watu watatu walinijia, kila mmoja kwa wakati wake, kila mmoja nyuma ya darasa wakati wa mapumziko, wakiniuliza kliniki ni siku gani. Wote watatu waliniomba nisimwambie mtu. Wote watatu, najua kwa hakika, walikuwa wamelitafuna jina langu wakati wa vidonda. Niliwaambia ni Alhamisi, wafike asubuhi, wamweleze daktari kila kitu, na mdomo ukikauka au ukitoa kidonda warudi siku hiyo hiyo, wasingoje, wasitupe dawa chooni. Sikumwambia mtu. Kuwasamehe sikuwasamehe, hilo halikuwa katika maagizo ya daktari.

Wawili wanaendelea vizuri. Wa tatu, mwanamume wa makamo anayelima karibu na daraja, aliacha baada ya wiki moja kwa sababu kaka zake walimcheka. Nilikwenda kwake Jumamosi moja nikamkuta amekaa ukumbini, nywele hazijakatwa, akanisikiliza akitazama miguu yangu. Wiki iliyofuata nilikwenda tena. Mkewe alitoka peke yake, akaniambia amelala na hataki kuona mtu. Nikamwachia siku na saa za kliniki kwenye kipande cha karatasi, kwa herufi kubwa, nikamweleza mahali pa kukaa ili wasikosee benchi. Alikikunja akakitia kwenye fundo la leso, akaniambia asante, madam, na akaurudisha mlango.